Mdudu Asiyekufa Lakini Asiyefanya Kazi: Dawa za Shambani na Maji Moto wa Minazi

Mtu akipita katika mashamba ya minazi na miembe, kuanzia Mambrui na daraja la Sabaki, akateremka Malindi, Gede na Takaungu hata Mtwapa, ataona juu ya miti mafundo ya majani mabichi yaliyoshonwa pamoja kama mfuko. Hizo ni nyumba za chungu wekundu tuwaitao maji moto. Hapana mkwezi asiyewajua. Humng'ata mtu kwa meno, kisha humwaga juu ya kidonda maji yao makali, na ndiyo sababu wakapewa jina hilo.

Wengi huwahesabu maji moto kuwa ni adui tu. Lakini wenye minazi wana deni kubwa kwa chungu hawa, na somo letu la leo linahusu deni hilo. Tunataka kueleza ni nini kinachowapata wanapofikiwa na dawa ya kuulia wadudu isiyotosha kuwaua. Mtu anaponyunyiza dawa, kesho yake huinama chini ya mti kutazama waliokufa. Akiona wadudu wabaya wamelala chini na maji moto bado wanatembea juu ya shina, hufurahi na kusema dawa hii ni nzuri, imechagua. Huenda amekosea, na kosa lake halitaonekana mpaka miezi mingi imepita.

Kwanza tutazame kazi ya chungu hawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye mashamba wa Unguja walikuwa na shida ya minazi iliyochanua vizuri lakini ikamwaga vidaka kabla havijawa vitale. Bwana M. J. Way, mtaalamu wa wadudu, aliichunguza habari hii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaandika aliyoyaona. Mwenye kosa alikuwa mdudu mfyonzaji, jamaa ya kunguni, mwenye mdomo mrefu kama sindano. Humchoma kidaka kikiwa bado laini na kutia mate yenye sumu. Kidaka hufa na kuanguka. Kikisalimika, hukua na makovu, nacho huwa nazi ndogo iliyokunjamana. Wadudu wachache tu katika mnazi mmoja watosha kuleta hasara kubwa. Jina la kitaalamu la mdudu huyo ni Pseudotheraptus wayi, nalo limetokana na jina la Bwana Way mwenyewe. Mdudu huyu yuko hapa pwani yetu pia, na hushambulia mikorosho na miembe kama anavyoishambulia minazi.

Jambo kubwa alilolivumbua ni hili: minazi iliyokaliwa na maji moto wengi haikudhurika sana. Maji moto hutembea mchana kutwa katika makuti na makole, wakimkamata kila mdudu wamwonaye, nao huwapelekea watoto wao nyama hiyo. Mnazi uliokaliwa na chungu wa aina nyingine, au usio na chungu kabisa, ndio uliopoteza vidaka.

Sasa, maji moto wana maadui. Mkubwa wao ni chungu mdogo wa hudhurungi akaaye ardhini penye mizizi, ambaye baadhi ya askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Chungu huyu hapigani na mfyonzaji wa minazi, ila hupigana na maji moto. Makundi haya mawili yana mpaka, kama watu wa vijiji viwili wenye ugomvi wa shamba. Chungu wa chini hupanda shina usiku na mchana wakijaribu kuwafukuza walioko juu. Maji moto wakiwa imara, mpaka hubaki chini ya shina. Wakilegea, mpaka hupanda, mti ukapotea. Kwa hiyo mavuno ya nazi yategemea sana nguvu ya walinzi wa mpaka kila siku, na kwa sababu hiyo dawa isiyoua yaweza kuleta hasara.

Maji moto hawana jemadari wa kuwaamuru. Malkia wao yumo katika nyumba moja tu, ilhali kundi lake laweza kutawala miti mingi. Amri zao zote ni harufu. Katika miaka ya 1970 Bwana Bert Hölldobler, Mjerumani, na Bwana Edward Wilson wa Marekani waliwachunguza maji moto wa Afrika, na baadhi ya kazi hiyo ilifanywa katika vilima vya Shimba, kusini ya Mombasa. Waliona ya kwamba chungu hawa wana namna tano za kuitana: kwa chakula, kwa nchi mpya, kwa vita vya karibu na vya mbali, na kwa kuhama. Waliona pia kwamba kila kundi huweka alama ya harufu katika nchi yake, na chungu akitia mguu juu ya alama hiyo hujua kama yuko kwao au ugenini. Mwaka 1975 wataalamu wa Uingereza walieleza harufu za hatari zitokazo penye meno ya chungu huyu. Harufu nyepesi husambaa upesi na kuwaamsha wenzake, ya pili huwaelekeza mahali, na zile nzito, zisizosafiri mbali, huwafanya wang'ate. Yote hupita katika nafasi ya dakika chache. Msomaji aliyewahi kushika kiota bila kujua atakubali kwamba mpango huo hufanya kazi barabara.

Mdudu aongozwaye na harufu namna hii ahitaji mishipa ya fahamu iliyo timamu. Nayo mishipa ya fahamu ndiyo inayoshambuliwa na dawa nyingi tunazozinunua madukani.

Habari hupita katika mishipa ya mdudu kama zinavyopita katika mishipa ya mtu: hufunguka mlango, habari ikapita, mlango ukafungwa. Dawa zilizotengenezwa viwandani kwa kufuata mfano wa pareto huuzuia mlango usifungwe, hata habari moja ikawa inarudiwarudiwa bila kukoma. D.D.T. ya zamani ilifanya kazi iliyokaribiana na hiyo. Dawa za jamii ya fosforasi huharibu kile kinachofuta habari baada ya kufika. Dawa za jamii mpya zaidi, zifananazo na sumu ya tumbaku na ziitwazo neonikotinoidi, hujifanya kuwa ndizo habari zenyewe. Kipimo kikiwa kikubwa mdudu hutetemeka, hulala chali, hufa. Kipimo kikiwa kidogo hafi. Hutembea, lakini huenda akaipoteza njia. Hula, lakini kidogo. Huishi, lakini huzaa mayai machache. Huisikia harufu, lakini haijui maana yake.

Mfano wake ni mlinzi wa usiku aliyelewa. Mwenye duka akija asubuhi na kuwahesabu walinzi wake atawakuta wote, hesabu haikupungua hata mmoja. Lakini usiku kucha mlango ulikuwa wazi.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa waliwafunga nyuki vyombo vidogo sana vya kuwatambulisha, wakawapa baadhi yao maji ya sukari yenye dawa kidogo ya jamii ya neonikotinoidi, kisha wakawaachilia mbali na mzinga. Dawa ile haikuwa ya kumwua nyuki papo hapo. Hata hivyo, waliolishwa dawa walishindwa kurudi nyumbani kwa wingi kuliko wenzao. Nyuki si mwindaji, lakini naye huishi kwa kukumbuka njia. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za jamii hiyo zisitumiwe tena katika mashamba ya wazi.

Jaribio la pili latukaribia zaidi. Mwaka 2013 ilichapishwa habari ya majaribio ya New Zealand, ambako chungu wenyeji wa nchi hupigana na chungu wageni waliotoka Amerika ya Kusini. Wataalamu waliwapa kila upande dawa ya jamii hiyo hiyo kwa kipimo kisichoua, kisha wakawakutanisha. Chungu wenyeji waliokula dawa walipungukiwa na ukali, na kwa hiyo adui zao wakasalimika zaidi. Chungu wageni waliokula dawa mambo yao yalikuwa kinyume: walizidi ukali kupita kiasi, wakaanzisha mapigano, wakafa zaidi; tena watoto wao wakapungua. Dawa ilikuwa ile ile, na kila upande ukaharibika kwa namna yake. Hao si maji moto wetu, wala hatusemi kwamba lililotokea huko litatokea Ganda au Jilore kwa mfano ule ule. Lakini twajifunza kwamba katika vita vya mpaka vya chungu, sumu isiyoua hata mmoja yaweza kuamua mshindi.

Sasa tumchukulie mkulima mwenye miembe na minazi katika shamba moja, kama mashamba mengi ya kwetu yalivyo. Tangu mwaka 2003, inzi wa matunda kutoka Asia alipoonekana Kenya, naye akaonekana kwanza hapa pwani, wenye miembe wamenyunyiza dawa zaidi kuliko zamani. Mkulima wetu anyunyiza mwembe, na upepo wachukua vumbi la maji hayo mpaka kwenye mnazi wa jirani. Maji moto wa mwembe hukanyaga majani yenye dawa. Zaidi ya hayo, huokota wadudu waliolegea kwa dawa, maana windo lisilokimbia ni rahisi, wakalipeleka nyumbani. Huko hulishana mdomo kwa mdomo. Kwa njia hiyo sumu kidogo iliyomfikia mmoja hugawanywa kwa wengi, hata kwa wale ambao hawakutoka nje siku ile.

Na watoto wa maji moto wana kazi yao, jambo ambalo wengi hawalijui. Mafundo yale ya majani hushonwa kwa uzi utokao katika kinywa cha mtoto. Chungu mkubwa humshika mtoto kwa meno na kumpitisha huku na huku baina ya majani mawili, kama fundi apitishavyo sindano. Watoto wakiwa wachache, uzi nao huwa mchache. Majani ya kiota cha zamani yakikauka, hapana wa kushona kipya kwa wakati. Chungu wa ardhini hawangoji.

Mkulima hayaoni hayo. Huona embe zake safi. Tokea mnazi kuchanua hata nazi kukauka ni kama miezi kumi na miwili, na vidaka vikianguka baadaye, atasema ni jua, au ni udongo uliochoka, au ni husuda ya watu. Akimwona mfyonzaji kwa bahati, atanunua dawa nyingine, akanyunyiza mara ya pili juu ya walinzi ambao hawajapona mara ya kwanza.

Kuna wakulima wapunguzao dawa katika maji kuliko kipimo kilichoandikwa kibandikoni, wengine kwa sababu ya bei, wengine kwa kudhani kwamba dawa nyepesi itawahurumia wadudu wazuri. Nia ni njema, lakini matokeo si hivyo. Dawa nyepesi huwaacha hai wadudu wabaya walio wagumu, nao ndio wazaao kizazi kinachofuata kisichoogopa dawa. Na walinzi huachwa katika hali ile ile ya ulevi tuliyoieleza. Kuizidisha dawa nako ni kuwaua kabisa, pamoja na kuhatarisha mnyunyizaji na mlaji. Kwa maoni yetu, jambo la kuamuliwa ni kama mti ule wahitaji kunyunyizwa hata kidogo. Kipimo huja nyuma.

Maji moto si pekee yao wanaopatwa na hayo. Buibui huwinda katika mimea yetu, na vunjajungu pia, ambaye wazee walitukataza kumgusa tusije tukavunja vyungu nyumbani (katazo hilo limemwokoa vunjajungu mara nyingi, ingawa halikuokoa vyungu vingi). Katika nyanda za juu za Kenya wakulima wa kahawa waliliona jambo lililo karibu na hili zamani. Mwaka 1938 nyigu mdogo sana aliletwa kutoka Uganda, akawashinda wadudu weupe wa unga waliokuwa wakiiangamiza mikahawa. Huko chungu alikuwa adui, kwa kuwa aliwalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu wao, na ilibidi azuiwe asipande shinani. Baadaye, dawa kali ziliponyunyizwa juu ya majani mara kwa mara, nyigu na wawindaji wengine walidhurika, na viwavi wasiokuwa na sifa kubwa zamani wakatokea wakala majani ya mikahawa.

Twapaswa kusema haki juu ya maji moto: wana makosa yao. Nao pia huwafuga wadudu wa unga na vidugamba kwa ajili ya utamu, na katika miembe hilo laweza kuwa shida, maana huwafukuza nyigu wadogo wanaowaua wadudu hao. Na mkwezi ni mtu mwenye ngozi. Hawezi kuambiwa astahimili tu kwa kuwa chungu wana faida kwa mwenye shamba, ilhali yeye alipwa kwa mti. Mgema ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa hupanda kila siku asubuhi na jioni. Lakini panda lililofungwa kwa tembo halizai nazi, na kwa mnazi wa namna hiyo hatuoni sababu ya kugombana naye akiwaondoa chungu kwa mkono au kwa moshi. Twamwomba tu asitie sumu, maana sumu haijui ni mnazi upi wa tembo na upi wa nazi. Kwa wakwezi, majivu yakipakwa mikononi na miguuni husaidia, na hutumiwa katika nchi nyingi. Kazi ikifanywa asubuhi mapema, chungu wakiwa bado wazito, ni afadhali kuliko saa za jua kali.

Wachina wa kusini walikwisha kuitatua shida hii kwa biashara. Kitabu chao ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha mwaka 304 chaeleza kwamba viota vya chungu wa jamii hii viliuzwa sokoni kwa wenye michungwa. Sisi tunao bure, na bado twanunua dawa ya kuwaondoa.

Kwa inzi wa matunda, si lazima kuufunika mwembe wote kwa dawa. Embe zilizoanguka ziokotwe kila siku na kufukiwa chini sana, au kufungwa ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani, ili funza wasitoke. Mitego yenye chambo humvuta inzi kwenye sumu badala ya kuipeleka sumu kila mahali. Kwa chungu wa ardhini wenye vichwa vikubwa, majaribio yaliyofanywa Unguja, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1992, yalionyesha kwamba chambo maalumu cha chungu chaweza kuwapunguza, na maji moto wakaongezeka baada ya adui yao kuondoka. Katika mikorosho ya Tanzania pia wataalamu wamepima kazi ya maji moto tangu miaka ya 2010, na miti waliyomo imeonekana kudhurika kidogo kuliko isiyo nao. Ikibidi kunyunyiza, nyunyiza kabla upepo wa bahari haujaamka, uiache miti yenye viota vingi, na ununue dawa iliyoandikishwa na Bodi ya serikali ya dawa za kudhibiti wadudu, si ile inayopimwa katika chupa ya soda isiyo na kibandiko. Bwana Shamba wa mahali pako, au kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, wataweza kukuambia ipi ifaayo.

Mwenye kutaka kujua kama walinzi wake ni wazima hahitaji darubini. Kabla ya kunyunyiza, na achague miti miwili, mmoja utakaonyunyiziwa na mmoja usionyunyiziwa. Katika mwembe, ahesabu matawi makubwa, kisha ahesabu ni mangapi yana msafara wa maji moto; hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya katika nchi nyingi. Aweke dagaa mmoja shinani, atazame saa, aandike baada ya muda gani chungu wa kwanza amemwona na baada ya muda gani wenzake wamekuja kumbeba. Agonge kiota polepole kwa ufito mrefu, aone kama wanatoka kwa wingi au mmoja mmoja. Afanye vivyo hivyo siku moja baada ya kunyunyiza, siku ya tatu, siku ya saba, na tena mwezi ukiisha, saa ile ile ya siku, maana chungu wa asubuhi na chungu wa adhuhuri hawalingani.

Kama dagaa wa mti ulionyunyiziwa amekaa shinani mpaka akakauka, na wa mti wa pili amebebwa kabla hujamaliza kuandika, basi umekwisha kuona, hata kama chini ya mti hukuokota chungu mmoja aliyekufa. Tazama pia shina karibu na ardhi. Ukiona chungu wadogo wa hudhurungi wamevuka kimo cha goti na maji moto hawashuki kuwazuia, weka chambo chini ya mti juma hilo hilo, na bomba la dawa libaki ghalani mpaka misafara irudi matawini.